Mioyo Arobaini, Mioyo Sita

Watu wa mji wetu hupima mashine kwa uzito. Nimeishi Likasi tangu kuzaliwa, na sijaona mtu akinunua pampu, jenereta au hata redio bila kuinyanyua kwanza. Ikiwa nyepesi anairudisha mezani na kusema ni ya plastiki. Baba zetu walifanya kazi na mashine zisizonyanyulika, nasi tumerithi ile heshima bila kurithi kazi yenyewe. Kwa pampu ya maji tabia hii haina madhara makubwa. Kwa kompyuta ni upuuzi, na kuna mwaka ambao upuuzi huo uliingia ofisini kwetu ukiwa umefungwa blanketi.

Ofisi yetu ni ya kupima ardhi. Tuko wawili. Patron, yaani mwenye ofisi, alikuwa mpimaji wa kiwanda mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa fundi umeme. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa vilivyokuwa vikiuzwa sokoni pamoja na karatasi za kufungia karanga. Nilivisoma ukurasa kwa ukurasa, nikaandika katika daftari kila nilichojaribu na muda kilichochukua. Ninalo hilo daftari mpaka leo, na ndilo linalonizuia kusimulia habari hii kwa namna ya kunipendeza.

Ilianza na mama mmoja aliyekuja Jumatatu asubuhi, akakaa bila kukaribishwa kwa sababu alikuwa ametembea kwa mguu kutoka njia ya Kakanda. Familia za mtaa wake zilikuwa zimemchagua awasemee. Kampuni ya madini jirani nao iliomba kupanua eneo lake. Tume ingekuja Ijumaa ya wiki ya nne, isikilize pande zote mbili, kisha iweke alama za mpaka, zile nguzo fupi za zege tunazoziita borne. Kila upande ulitakiwa kuleta ramani. Kampuni ilikuwa nayo tayari. Mtaa haukuwa na chochote, na tume za namna hii hazitembei shambani; kisichokuwa kwenye karatasi, kwao hakipo.

"Nyumba ziko ngapi, mama?" patron aliuliza.

"Nyumba acha, patron. Banyumba bataziona na macho. Minye naogopa mashamba ya ku muto. Njo kule banataka, juu ya maji."

Kando ya kijito, ambacho kampuni ilikitaka kwa ajili ya maji yake, kulikuwa na ukanda wa mihogo na viazi vitamu wa familia kumi na mbili, yake ikiwamo. Alikuwa mjane, na alitupa habari hiyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja urefu wa uzio.

"Muanze na muto," alisema akiondoka. "Muanze kule. Ingine itafuata."

Patron alimkodi rafiki yake mwenye droni. Droni iliruka siku mbili, tukaletewa picha zaidi ya elfu mbili. Kuna programu inayochukua picha hizo, inatafuta mahali zinapofanana, inazishona, na kutoa ramani yenye kila paa na kila tuta. Tulikuwa nayo. Lakini kompyuta ya ofisi, ambayo ilizoea kiwanja kimoja chenye picha arobaini, ilifanya kazi hiyo saa mbili, ikatoa harufu ya waya unaoungua na kuzima moja kwa moja.

Hapo ndipo alipoingia shemeji wa patron, ndugu wa mke wake, mfanyabiashara wa vitu vya mkono wa pili vinavyovuka mpaka kutoka Zambia. Ni mtu wa kamati katika kanisa lao la maombi, na hata akiuza chaja ya simu huongea kama yuko mimbarani. Alileta seva nyuma ya pikapu, imelazwa na kufunikwa blanketi kama mgonjwa. Wanaume wawili waliibeba mpaka ndani.

"Shemeji, nyanyua kwanza," alimwambia patron.

Patron alinyanyua pembe moja. Niliona usoni mwake kwamba ameshaamini.

"Ilikuwa inatumika Ulaya, mu banki," shemeji aliendelea. "Iko na prosesa mbili. Kila moja iko na mioyo makumi mbili. Makumi mbili na makumi mbili!"

"Makumi ine," patron alisema, kwa sauti ya mtoto anayejibu katekisimu.

"Makumi ine! Fundi, ile yako ya nyumba, unataka kuleta, iko na ngapi?"

"Sita," nilijibu.

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Sita! Patron, huyu anataka kukulimisha na kijiko!"

Nieleze, maana wengi hutamka neno hili bila kujua wanachotamka. Prosesa ni kile kipande kinachopiga hesabu ndani ya kompyuta. Vitabu vyetu vya Kifaransa huita kila sehemu inayoweza kupiga hesabu peke yake moyo. Prosesa za seva huwa na mioyo mingi, lakini kila mmoja huenda polepole, kwa sababu mingi ikikimbia pamoja joto lingeiyeyusha mashine. Prosesa za kompyuta ya mezani huwa na mioyo michache inayokwenda kasi. Kompyuta yangu ya nyumbani, niliyoiunganisha kipande kwa kipande, ilikuwa ya namna hiyo: mioyo sita, lakini kila mmoja ulikwenda karibu mara mbili ya moyo wa ile seva. Ipi ni bora? Inategemea kazi. Kazi inayogawanyika inataka mioyo mingi. Kazi ambayo hatua yake ya pili inangoja jibu la hatua ya kwanza haigawanyiki, na hapo mioyo thelathini na tisa itakaa ikitazama mmoja ukifanya kazi. Hilo tu. Halihitaji digrii, na wala halihitaji mizani.

Lakini jaribu kumwambia hayo mtu wa mji wa migodi.

"Ku kazi," patron alisema, "tani ikikosa, tulikuwa tunaongeza ekipe. Ikikosa tena, tunaongeza ingine. Njo vile tu."

Nimeisikia sentensi hiyo ya kuongeza kikosi maisha yangu yote. Bomba likipasuka, wanaitwa watu wanane, na saba wanashika viuno. Kwaya ikiimba vibaya, wanaongezwa waimbaji, sasa inaimba vibaya kwa nguvu. Mji mzima unaamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kufanywa na watu wengi zaidi, na kwamba likishindikana basi watu hawakutosha. Sasa imani hiyo ilikuwa imepata mashine yake.

Kutumia zote mbili kwa wakati mmoja hakukuwezekana. Programu yetu hufanya kazi kwa ufunguo, kidude kidogo cha kuchomeka, nao ulikuwa mmoja. Shemeji alikuwa tayari kutuachia seva mpaka kazi iishe, akitumaini patron ataizoea. Mimi nilikuwa tayari kuleta yangu. Hakuna aliyetakiwa kulipa kitu. Ilibaki kuamua nani yuko sahihi, na kwa jambo hilo nilikuwa na njaa kuliko nilivyojua.

Nilipendekeza jaribio. Jumamosi nilileta kompyuta yangu, tukaiweka kando ya seva. Shemeji alikuja amevaa suti. Yule mama naye alikuja, kwa sababu alitaka kuona kama tumeanza, akasimama mlangoni na mfuko wa unga kichwani.

Seva iliwashwa. Feni zake zililia kama kinu cha kusaga mahindi, na kwa dakika saba nzima haikufanya kitu kingine chochote ila kujikagua. Yangu ilikuwa imeshafunguka, inangoja. Nilitumia picha arobaini za kiwanja kimoja cha mjini, zilezile kwa mashine zote mbili, nikihamisha ufunguo. Kazi ilikuwa na hatua nne: kulinganisha picha, kujaza nukta za ardhi, kushona, na kuchora mistari. Niliandika muda wa kila hatua. Kwa jumla yangu ilimaliza mapema sana. Katika kuchora seva ilitia huruma. Moyo mmoja ulikuwa unahangaika, na kwenye skrini niliwaonyesha mingine yote ikiwa imelala.

"Unaona?" nilimwambia shemeji. "Makumi tatu na kenda wanakunywa chai."

Mama aliyasogelea yale maumbo madogo ya skrini, mengi matupu, moja limejaa. Marehemu mume wake alikuwa mchimbaji wa mashimo ya mkono.

"Hii najua," alisema. "Mu shimo inaingia muntu moja. Hata mukiwa mia, bengine banangoja yulu. Paka ku maji, kusafisha mawe, kule njo bote banaingia."

Nilishangilia nusu ya kwanza, ya shimo la mtu mmoja. Nilimrudia patron mara tatu kwamba mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta ameelewa kuliko mkristo aliyevaa suti. Nusu ya pili, kwamba kwenye maji wote huingia, niliisikia vizuri, na niliiacha ipite.

Shemeji aliwaka. "Picha makumi ine ni picha ya nini? Droni ilileta elfu! Tia zote, tuone!"

"Shemeji," nilimjibu, "mtu anayenunua prosesa kwa kilo asinifundishe kupima."

Patron alicheka. Yule bwana aliita watu wake wawili, wakaibeba seva, wakaifunika tena blanketi. Jumapili ilikuwa kanisani kwao, inarekodi nyimbo. Mioyo arobaini kwa kinanda kimoja na ngoma mbili! Nilifurahi juu ya jambo hilo kwa siku nyingi.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya daftari. Katika hatua tatu mashine yangu ilishinda. Katika hatua ya pili, ya kujaza nukta, ilishindwa, hata kwa zile picha arobaini, maana kazi hiyo hugawanyika, kama kule kusafisha mawe kwa yule mama. Na siku moja kabla ya jaribio nilikuwa nimejaribu nyumbani picha nyingi zaidi, nikaona kwamba hatua tatu zinarefuka kidogo kidogo, lakini ile ya pili inajaza kumbukumbu ndogo ya mashine yangu na kumeza muda wote. Kwa viwanja vya mjini, kazi yetu ya kila siku, nilikuwa sahihi kabisa. Kwa kazi hii nilikuwa sahihi kwa hatua tatu zilizo fupi. Jibu sahihi lilikuwa rahisi: hatua ya pili ifanywe na seva, kisha ufunguo uhamishwe kwangu kwa zilizobaki. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wangu. Jumamosi ile niliwasomea jumla tu. Shemeji, asiyejua lolote, alikuwa ametaja kwa hasira jambo moja la kweli, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwake sikuweza kulikubali.

Jumatatu nilianza. Niligawa eneo vipande vinne, nikavipa namba kuanzia kaskazini-magharibi, kwa mzunguko wa saa kadiri ya kitabu, nikaona kijito kinaanguka katika kipande cha nne. Sivyo alivyoagiza mama. Nilijiambia mpangilio ni mpangilio, na kwamba siku zipo. Kulinganisha vipande ili vikae pamoja kulichukua wiki nzima ya kwanza, pamoja na safari ya kwenda kupima alama za ardhini. Kisha hatua ya pili ya kipande cha kwanza ikala siku mbili na nusu. Mioyo yangu sita ilikimbia vizuri sana. Feni hazikulia hata kidogo. Joto lilikuwa la kuridhisha. Niliandika yote hayo.

Jumanne ya wiki ya mwisho patron alisimama nyuma ya kiti changu.

"Fundi, tutafika?"

"Tutafika."

"Ju naona kule chini kungali weupe. Nikamuombe shemeji ile masini? Hata siku moja?"

"Kuiweka hapa, kuingiza programu, kuhamisha picha, tutapoteza siku nzima," nilisema. "Halafu hatujui kama inafanya."

Patron aliamini, kwa sababu mimi ni mtu wa daftari. Lakini hesabu hiyo sikuipiga. Seva ilikuwa na programu tayari tangu siku ya jaribio, na kutoka ofisini mpaka kanisani kwao ni mwendo wa dakika tano kwa pikapu. Sijui kama nimewahi kutoa hesabu nyingine bila kuiandika.

Jumatano umeme ulikatika. Walisema ni matengenezo ya laini inayotoka bwawa la umeme la Mwadingusha. Mara nyingine huwa kweli. Betri ya akiba ilinipa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Umeme ulirudi Alhamisi mchana, nikaanza kipande cha nne, na ilipofika Ijumaa asubuhi hatua ya pili ilikuwa haijafika hata katikati. Nilichapisha nilichokuwa nacho.

Tume ilikaa katika darasa la shule ya mtaa. Ramani ya kampuni ilikuwa ya rangi, imebandikwa kwenye ubao mweusi. Yetu ilikuwa bora. Sisemi kwa majivuno. Kila paa, kila kisima, kila choo kilikuwa mahali pake, na mwenyekiti wa tume mwenyewe aliisifu. Kisha akashusha kidole kusini-magharibi, ambako karatasi ilikuwa nyeupe na mimi nimeandika kwa herufi ndogo kwamba kazi inaendelea.

"Hapa kuko nini?"

"Mashamba," mama alisema.

"Sioni mashamba."

"Twende, baba, tuone. Ni dakika kumi na miguu. Nitakutangulia."

"Mama, tume inatumika na dokima," alisema akigonga karatasi.

"Basi minye niko dokima! Mikono yangu hii! Nusa, utasikia udongo wa kule!"

Watu walicheka, hata mwenyekiti, lakini aliandika. Nyumba zote zilibaki za mtaa. Kijito na ukanda wake vilikwenda upande wa kampuni, na familia zikapewa wiki mbili kuvuna.

Jumapili hiyo patron alikwenda mwenyewe kwa shemeji, bila kuniambia, akarudi na seva. Tuliitia kipande cha nne. Ilianza watu wakiwa wanaingia misa ya kwanza, na hatua ya pili ilikuwa imekwisha kabla ya saa sita mchana. Patron aliikodolea macho skrini, matuta ya mihogo yakionekana moja moja, akachukua kofia yake na kwenda nyumbani. Jioni shemeji alikuja kuichukua, akatusalimu vizuri. Ningependa angenicheka, ningalipata cha kumdharau.

Siku ya kupanda borne, sheria inataka wapimaji wa pande zote wawepo, kwa hiyo nilikwenda kushika nguzo ya kupimia. Borne ya tatu iliangukia katikati ya tuta la yule mama. Yeye na wanawake wengine walikuwa wakivuna mihogo ambayo ilikuwa bado na miezi mingi. Alinyoosha mgongo aliponiona.

"Fundi."

"Mama."

"Banasema ile masini ya muntu wa kanisa ilimaliza mu nusu siku. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Weye ulijua itaweza?"

Ningeweza kumweleza hatua nne. Ningeweza kumwambia kuhusu umeme.

"Nilijua," nilisema. "Tangu ile Jumamosi."

"Kumbe." Alinitazama, bila hasira niliyoitegemea, alinitazama jinsi mimi ninavyowatazama watu wanaonyanyua redio dukani. "Na unaona shiye batu ya kijiji, njo hatujue kitu."

"Mama, nilikuwa…"

"Acha. Mvua iko karibu." Alinirushia gunia tupu. "Shika mudomo yake, ifunguke."

Nililaza nguzo chini, nikashika. Alianza kutupia mihogo ndani. Ilikuwa myembamba kama vidole, na gunia lilichukua muda mrefu kujaa.